Nodi ya pili inapokataa kujiunga na klasta ya MariaDB

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ana seva tatu zenye mfumo wa Debian na anataka kuziunganisha ziwe klasta moja ya kanzidata, yaani kundi la seva (kila moja huitwa nodi) zenye data ile ile, kwa kutumia kanzidata ya MariaDB pamoja na Galera, programu inayozilinganisha seva hizo. Nodi ya kwanza inawaka bila taabu, lakini ya pili hukaa kimya kwa muda, kisha systemd, programu ya Linux inayowasha na kuzima huduma, hutoa taarifa kwamba huduma imeshindwa kuanza. Amefuta na kusakinisha upya mara nne bila mabadiliko yoyote. Katika jaribio la mwisho alitumia amri ya `galera_new_cluster` kwenye seva zote tatu, zote zikawaka, lakini baadaye akagundua kwamba jedwali alilolitengeneza kwenye seva moja halionekani kwenye nyingine. Anauliza kama afute kila kitu na kuanza upya, au aachane na Galera kabisa.

Ndugu yangu, nakuomba usisakinishe mara ya tano. Nimelielewa vizuri fadhaa lako, kwa sababu kusakinisha upya humpa mtu hisia ya kuanza na ukurasa safi. Ila katika kazi hii ukurasa huo hauwi safi. Amri ya `apt remove` huondoa programu tu, huku ikiacha mafaili ya mipangilio yaliyomo `/etc/mysql` na data yote iliyomo `/var/lib/mysql`. Kwa hiyo kila ulipomaliza kusakinisha, programu mpya iliamka ikiwa na mipangilio ile ile yenye kasoro na kumbukumbu ile ile ya jaribio lililoshindwa. Ulichokuwa ukikibadilisha ni kile kitu kimoja ambacho hakikuwa na tatizo.

Tuanze na hali uliyo nayo sasa, kwa kuwa ina hatari ndani yake. Amri ya `galera_new_cluster` maana yake ni kuzaa klasta mpya, na kila klasta inapozaliwa hupewa kitambulisho chake cha pekee. Uliitumia mara tatu, kwa hiyo una klasta tatu zenye mwanachama mmoja mmoja, ambazo hazina habari kwamba nyingine zipo. Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa kuingia kwenye kila seva na kuendesha:

`SHOW STATUS LIKE 'wsrep_cluster_state_uuid';`

`SHOW STATUS LIKE 'wsrep_cluster_size';`

Utaona vitambulisho vitatu tofauti, na idadi ya wanachama kila mahali itakuwa 1. Hatari yenyewe ni hii: siku nodi ya pili itakapofanikiwa kujiunga na ya kwanza, itatambua kwamba kitambulisho chake hakilingani, itaomba nakala kamili ya data, na nakala hiyo itafuta kila kilichokuwa ndani yake kabla ya kukaa mahali pake. Hakuna kuchanganya data za pande mbili, na hakuna swali utakaloulizwa. Kama umeingiza chochote cha maana kwenye seva ya pili au ya tatu, kitoe sasa hivi kwa `mariadb-dump` na ukihifadhi nje ya seva hizo. Amua nodi ipi ndiyo yenye data ya kuaminika. Katika maelezo haya nitachukulia kwamba ni ya kwanza, yenye anwani 10.0.0.11, na kwamba nyingine ni 10.0.0.12 na 10.0.0.13.

Ukishaamua, zima huduma kwenye nodi ya pili na ya tatu kwa `systemctl stop mariadb`, na uiache ya kwanza ikiendelea kufanya kazi. Kwenye zile mbili ulizozima, lisogeze kando faili la `/var/lib/mysql/grastate.dat`, ambalo ndilo linalobeba kitambulisho cha klasta. Tangu hapo, amri ya `galera_new_cluster` isiguswe tena kwenye seva hizo mbili. Hutumika kwenye nodi moja tu, tena wakati klasta nzima imezimwa. Nodi nyingine zote huwashwa kwa `systemctl start mariadb` ya kawaida.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Ulinitumia mstari mmoja unaosema `Job for mariadb.service failed because the control process exited with error code`. Mstari huo unaandikwa na systemd, wala hautoki kwa MariaDB, na haubebi habari yoyote zaidi ya kwamba programu imezimika. Ni kama kuambiwa mgonjwa ana homa. Ninachokihitaji mimi, na wewe pia, ni logi ya MariaDB yenyewe, yaani kumbukumbu ya matukio inayoiandika. Fungua madirisha mawili ya terminali, moja likiwa limeingia kwenye nodi ya kwanza na lingine kwenye nodi ya pili, na katika yote mawili uendeshe `journalctl -u mariadb -f`, kisha uwashe nodi ya pili kutoka dirisha la tatu. Kama mipangilio yako inaelekeza logi kwenye faili, basi fuatilia `/var/log/mysql/error.log` kwa njia hiyo hiyo.

Nasisitiza madirisha mawili kwa sababu kujiunga na klasta ni mazungumzo, na huwezi kuelewa mazungumzo kwa kusikiliza upande mmoja. Niliwahi kupoteza usiku mzima nikiichunguza nodi iliyokuwa ikishindwa kujiunga. Logi yake ilinung'unika tu kwamba uhamisho wa data umekatika, nami nikabadilisha kila kitu kinachoweza kubadilishwa upande ule. Alfajiri ndipo nilipofungua logi ya nodi iliyokuwa ikitoa data, na hapo palikuwa na mstari mmoja ulio wazi kabisa: mtumiaji wa kuchukua nakala alikuwa amekataliwa kwa sababu ya nywila. Nodi inayopokea haiwezi kujua kwa nini mwenzake amenyamaza. Huona tu kwamba amenyamaza.

Jambo la pili kuhusu logi ni kwamba usome kutoka juu kwenda chini, ukitafuta hitilafu ya kwanza tangu nodi ilipoanza kuwaka. MariaDB inapoanguka huandika mistari mingi ya `[ERROR]`, na ile ya mwisho huwa ni matokeo ya zile za mwanzo. Watu wengi hunakili ule wa mwisho, wanauhangaikia, na sababu iko mistari thelathini juu yake.

Kwa dalili ulizozieleza, yaani ukimya wa muda kisha kuanguka, nategemea sana kwamba utakutana na maneno `failed to open gcomm backend connection: 110`. Namba 110 katika Linux maana yake ni muda wa kusubiri umekwisha. Nodi ya pili iligonga mlango wa kila anwani iliyoorodheshwa katika `wsrep_cluster_address`, ikasubiri kwa sekunde 30 ambazo ndizo Galera hujiwekea kwa kawaida, haikupata klasta iliyo hai, ikajizima. Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Galera hutumia poti nne, yaani milango ya mtandao yenye namba, na watu wengi hufungua moja tu. Poti 3306 ni ya programu zinazosoma na kuandika kwenye kanzidata. Poti 4567 ndiyo nodi zinayotumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Poti 4444 hupitisha nakala kamili ya data, na 4568 hupitisha tofauti ndogo kwa nodi iliyotoka kwa muda mfupi na kurudi. Zote nne lazima ziwe wazi kati ya seva zote tatu, kwa pande zote. Kwanza hakikisha kwenye nodi ya kwanza kwamba 4567 inasikiliza, kwa `ss -ltnp`, kisha kutoka nodi ya pili ujaribu:

`nc -zv 10.0.0.11 4567`

Jibu utakalopata lina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ukiambiwa muunganisho umekataliwa, mashine umeifikia lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, au faiwoli, yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao, imewekwa ikatae waziwazi. Rudi ukaangalie kama MariaDB ya nodi ya kwanza kweli inaendesha Galera. Amri ikining'inia bila jibu mpaka muda ukaisha, mara nyingi faiwoli inazimeza pakiti kimyakimya, iwe ni ile ya ndani ya seva au ile ya mtoa huduma wa wingu, ambayo ina kanuni zake mbali na za seva. Hii ya wingu husahaulika sana, maana mtu huzima faiwoli ya Debian, akaona bado haifanyi kazi, akahitimisha kwamba tatizo si la mtandao.

Poti 4444 ina mtego wake. Ukiijaribu kwa `nc` wakati wowote ule utaambiwa umekataliwa hata kama kila kitu kiko sawa, kwa sababu haifunguliwi mpaka uhamisho wa data uanze, tena anayeifungua ni nodi inayopokea. Nodi inayotoa ndiyo inayopiga simu. Ili kuipima vizuri, hakikisha MariaDB imezimwa kwenye nodi ya pili, uendeshe `nc -l -p 4444` hapo, kisha kutoka nodi ya kwanza ujaribu kuifikia 10.0.0.12 kwa poti hiyo. Usiridhike na kipimo cha upande mmoja, kwa kuwa kila nodi itakuwa mpokeaji siku moja na mtoaji siku nyingine.

Poti zikiwa wazi na namba 110 bado inatokea, geukia mipangilio. Jina katika `wsrep_cluster_name` lazima lifanane herufi kwa herufi kwenye nodi zote. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo inatosha kuifanya nodi ikataliwe mlangoni. Anwani katika `wsrep_cluster_address` ziandikwe zote tatu, yaani `gcomm://10.0.0.11,10.0.0.12,10.0.0.13`. Yapo maelekezo mengi yanayofundisha kuiacha `gcomm://` tupu kwenye nodi ya kwanza. Tafadhali usifuate hayo: nodi yenye anwani tupu huzaa klasta mpya kila inapowashwa, na siku seva itakapojizima na kuwaka yenyewe usiku utajikuta tena na klasta mbili zisizojuana, safari hiyo zikiwa na data ya wateja.

Debian ina jambo lake pia. Faili la `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf` huja na `bind-address = 127.0.0.1`, ambayo inaifunga seva ndani yake yenyewe. Ibadilishe iwe `0.0.0.0` au anwani halisi ya seva, na kwenye kila nodi uandike `wsrep_node_address` kwa mkono badala ya kuiacha programu ibahatishe. Seva yenye kadi mbili za mtandao inaweza kubahatisha ile isiyofika kwa wenzake, na ukaona nodi inasalimiana vizuri na klasta, halafu inashindwa pale tu data inapotakiwa kuhamishwa.

Kuna hali nyingine ambayo ni mbaya kwa sababu haitoi kosa lolote. Ukisahau kuandika `wsrep_on=ON`, au ukaiweka mipangilio ya Galera kwenye faili ambalo MariaDB hailisomi, seva huwaka vizuri kabisa kama seva ya kawaida isiyo na klasta. Endesha `mariadbd --print-defaults` uone kama mistari ya `wsrep` imo kweli katika yale inayoyasoma. Pamoja na hiyo, hakikisha `wsrep_provider` inaelekeza mahali faili la `libgalera_smm.so` lilipo, ambalo kwenye Debian hukaa `/usr/lib/galera/`. Maelekezo yaliyoandikwa kwa mifumo ya jamii ya Red Hat hutaja njia tofauti, na ukiyanakili hayatafanya kazi kwako. Mipangilio ya `binlog_format=ROW`, `default_storage_engine=InnoDB` na `innodb_autoinc_lock_mode=2` nayo iwepo kwenye nodi zote.

Ukivuka hapo, nodi ya pili itaingia klasta na kuomba nakala kamili ya data, na hiyo ndiyo ngazi ya pili ambapo wengi huteleza. Njia ninayoipendelea ni `wsrep_sst_method=mariabackup`, kwa sababu nodi inayotoa data huendelea kuhudumia programu karibu muda wote, ilhali njia ya `rsync` huizuia isipokee maandishi mpaka kunakili kumalizike. Njia ya `mariabackup` inadai vifurushi viwili, `mariadb-backup` na `socat`, viwepo pande zote mbili, na toleo la `mariadb-backup` lilingane na la seva. Inadai pia mtumiaji wa kuchukua nakala, aliyetengenezwa kwenye nodi ya kwanza na kutajwa katika `wsrep_sst_auth` kwenye zote:

`CREATE USER 'nakala'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila_ndefu';`

`GRANT RELOAD, PROCESS, LOCK TABLES, BINLOG MONITOR ON *.* TO 'nakala'@'localhost';`

Haki ya `BINLOG MONITOR` ipo kuanzia toleo la 10.5, kabla ya hapo iliitwa `REPLICATION CLIENT`. Uhamisho ukikatika, nenda moja kwa moja kwenye nodi inayotoa na utafute faili la `mariabackup.backup.log` ndani ya saraka yake ya data. Mara nyingi sababu imeandikwa pale kwa maneno mepesi: nywila, haki iliyokosekana, au diski iliyojaa.

Uhamisho huo ukikatika kila mara baada ya muda ule ule, hasa baada ya dakika moja na nusu, ichunguze systemd. Kwa kawaida huipa huduma sekunde 90 iwe imekwisha kuwaka, na data nyingi hainakiliki kwa muda huo. Matoleo ya karibuni ya MariaDB huomba muda wa ziada yenyewe, lakini kwenye mifumo ya zamani nodi huuawa katikati ya kupokea data, na logi huonekana kana kwamba mtandao umekatika. Endesha `systemctl edit mariadb`, uongeze `TimeoutStartSec=infinity` chini ya `[Service]`, kisha ujaribu tena.

Kwa kuwa umejaribu mara nyingi, kagua pia umiliki wa mafaili. Mtu anapochoka huwasha `mariadbd` kwa mkono akiwa root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na mafaili yanayozaliwa hapo huwa mali ya root. Huduma inapowashwa kwa njia ya kawaida inashindwa kuyafungua na kulalamika kwa kosa namba 13, yaani ruhusa imekataliwa. Dawa yake ni `chown -R mysql:mysql /var/lib/mysql`, wakati huduma imezimwa. Kama umeihamisha saraka ya data kwenye diski nyingine, AppArmor, mlinzi wa Linux anayeamua programu ifikie mafaili yapi, inaweza kuzuia hata pale umiliki ulipo sahihi, na uthibitisho wake utaupata kwa `journalctl -k`, ukitafuta neno `DENIED`.

Huenda kabla ya kufika mwisho ukazima nodi zote tatu, kisha nodi ya kwanza ikakataa kuzaa klasta kwa maelezo kwamba si salama kufanya hivyo kutoka kwake. Hilo ni zuio lililowekwa kwa makusudi. Ndani ya `grastate.dat` mna mstari wa `safe_to_bootstrap`, ambao huwa 1 kwenye nodi iliyozimwa mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo yenye data mpya kuliko wenzake. Maelekezo mengi yatakuambia uibadilishe 0 iwe 1 na uendelee. Subiri kwanza. Angalia nodi nyingine kama mojawapo tayari ina 1, uanze na hiyo. Kama zote zina 0, jambo ambalo hutokea umeme unapokatika kwa zote mara moja, endesha `galera_recovery` kwenye kila moja, ulinganishe namba ya mwisho inayotolewa, na ile yenye namba kubwa ndiyo uibadilishe. Ukichagua kwa kubahatisha, maandishi ya mwisho ya watumiaji wako yatafutwa na nodi iliyo nyuma.

Nodi ya pili ikishajiunga, usikimbilie ya tatu papo hapo. Ingia kwenye nodi zote mbili uhakikishe `wsrep_cluster_size` ni 2, `wsrep_cluster_status` ni `Primary`, na `wsrep_local_state_comment` ni `Synced`. Usishtuke nywila ya root uliyoiweka kwenye nodi ya pili ikikataa, kwani akaunti zote sasa ni zile za nodi ya kwanza. Tengeneza jedwali dogo upande mmoja, ulisome upande wa pili, kisha ufanye kinyume chake.

Baada ya hapo iwashe ya tatu, na usiishie kwenye mbili hata kama mahitaji yako ni madogo. Galera hufanya kazi kwa akidi: ili nodi ziendelee kupokea maandishi baada ya mwenzao kupotea ghafla, lazima zilizobaki ziwe zaidi ya nusu. Katika klasta ya nodi mbili, moja ikipotea, iliyobaki ni nusu kamili, kwa hiyo nayo husimama na kukataa kazi. Kama huna seva ya tatu yenye nguvu, programu ya `garbd` inaweza kukaa kwenye mashine ndogo na kupiga kura bila kuhifadhi data yoyote.

Ukikwama popote kati ya hatua hizi, nitumie logi za nodi zote mbili kuanzia ulipotoa amri ya kuwasha hadi ilipoanguka, bila kukata kitu isipokuwa nywila, pamoja na mafaili ya mipangilio ya pande zote mbili, nami nitayasoma mstari kwa mstari.